Nililiweka P

9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepunguza maneno. Binti yako muuguzi naye msalimie sana. Mwambie ile picha ya veranda yenu tuliipata na kila mtu ameiona, hata jirani yetu ambaye hakuna aliyemwonyesha. Kukupigia simu nimeacha. Mara ya mwisho nilikwambia nimepata hospitali ya kuifulia mashuka, ukaniuliza nimelazwa wodi gani. Basi tuandikiane tu, masikio yako yapumzike.

Kazi ya udobi inakwenda. Ile hospitali inanipa mashuka mara tatu kwa wiki, na bila lile gari letu kuukuu nisingeweza hata nusu yake. Ndiyo maana nakuandikia mapema, kabla kaka hajakuandikia, maana kalamu yake ina mbio.

Baba amevunjika mguu. Usishtuke, yuko nyumbani, amefungwa plasta kuanzia chini ya goti, anakula na kulalamika kama kawaida. Lakini kilichomvunja ni gari.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Nilitoka hospitalini na marobota manne. Nikasimama nje ya geti letu, pale kwenye mwinuko, pua ya gari ikitazama juu. Nikaweka P, gia ya kuegesha. Nikapiga hodi zetu mbili kama ulivyotufundisha, nikausukuma mkono wa gia mbele, hodi, hodi, nikazima, nikachomoa ufunguo. Nikabeba robota la kwanza kuingia nalo ndani. Baba akatoka kunisaidia la pili, akainama nyuma ya gari. Likashuka. Halikushuka mbali, hatua tatu tu, ila nyuma ya baba kulikuwa na nguzo ya geti.

Nilitupa robota nikakimbia. Mkono wa gia niliukuta pale pale P nilipouacha. Nikaingia, nikawasha, likagoma, nikautikisa mkono wa gia, likawaka, nikaweka D nikalisogeza mbele. Kwa hiyo ushahidi wangu niliuondoa kwa mkono wangu mwenyewe, na ningeuondoa tena.

Kaka alifika baba akiwa tayari kwenye machela. Hakuona chochote lakini ameshahukumu: niliacha gia N, yaani huru, akili yangu ilikuwa kwenye mashuka. Ameitisha kikao siku baba atakayotolewa plasta. Siku hiyo natakiwa nipige magoti mbele ya wote, niseme niliacha N, nikabidhi ufunguo. Mnunuzi ameshampata.

Shangazi, nisikilize vizuri. Breki ya mkono sikuvuta. Hilo nililisema kitandani kwa baba siku ile ile, nikamwomba radhi nikilia. Wewe ulitufundisha kwamba gari la otomatiki lina P, breki ya mkono ni ya magari ya wanaume wasioaminiana, lakini mkono ulikuwa wangu, nakubali. Kuacha N ndiko nisikokubali. Sikuacha. Sitasema niliacha.

Kaka amesema jambo moja la haki: "Bi Spana akiandika kwamba gari lilikuwa na ubovu, nitanyamaza na gari libaki." Wewe ndiye mkubwa wa ukoo huu, na ndiye fundi uliyelishika gari hili mara ya mwisho. Nangoja neno lako.

Mwanao,
Dobi


2 Aprili

Mwanangu Dobi,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta wiki nzima kwa sababu binti yangu amebadilishiwa zamu na mimi ngazi za posta sipandi. Goti ni lile lile. Mbwa wa jirani, watu wanasema anabweka mchana kutwa mpaka mtaa umeandika malalamiko. Mimi nimemwona, ni mbwa mzuri, anafungua mdomo na kuufunga.

Habari ya kaka yangu imeniondolea usingizi. Mguu upi? Mfupa umetoboa ngozi au umevunjika ndani kwa ndani? Anaweza kusogeza vidole? Daktari amesema atatembea bila gongo? Nijibu hayo yote, moja moja, usiniandikie "anaendelea vizuri." Je, ananitaja? Amesema chochote kuhusu gari?

Sasa hayo mengine. Mwanangu, mimi sikuwepo. Fundi hawezi kusema ubovu wa gari asiloliona, ni kama daktari anayetibu kwa uvumi. Unajua nilivyokuwa. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika gereji ya wanaume kumi na wanne, wote walinicheka, na wote baadaye waliniletea magari yao kwa mlango wa nyuma. Miaka thelathini na moja. Gari nililoligusa mimi halikurudi. Hata moja.

Kwa hiyo nakushauri kama mtu mzima. Omba radhi, yaishe. Kupiga magoti si kuvunjika magoti. Kaka yako ana maneno mengi lakini moyo wake mwepesi, ukilia kidogo atalia zaidi yako. Gari lenyewe ni zee, utapata jingine. Funika kombe mwanaharamu apite.

Shangazi yako


14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mguu ni wa kushoto. Haukutoboa ngozi. Vidole vinasogea, jana alimtekenya paka kwa hivyo vidole. Daktari anasema gongo miezi miwili baada ya plasta, halafu tutaona. Plasta itatolewa tarehe 12 Julai.

Hajakutaja. Kuhusu gari hasemi kitu. Nikianza tu, anageukia ukutani na kuniambia niangalie chai isichemke ikamwagika. Seremala mzima, mtu aliyetufundisha kupima mara mbili na kukata mara moja, sasa hataki kupima chochote.

Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta shangazi yangu ndani yake. Nimempata kwa mbwa. Kule chini kwenye "omba radhi, yaishe" sijui ni nani aliyekuwa ameshika kalamu. Wewe ndiye uliyeniambia, nikiwa darasa la sita, kwamba mwanamke akikubali kosa asilolifanya mara moja, watamletea mengine kila asubuhi kama maziwa. Nilikwenda shule na maneno hayo, nikapigana kwa ajili yake na msichana mwenye kilo mara mbili yangu. Leo unaniambia nipige magoti?

Sipigi. Nikisema niliacha N, hospitali haitampa mashuka yake mtu aliyemvunja baba yake kwa uzembe. Tayari msimamizi wa stoo ameniuliza kwa mzunguko kama ninalala vya kutosha. Na hata pasingekuwa na hospitali, nisingesema. Ni uongo.

Kama wewe huwezi kusema ubovu wa gari usiloliona, basi mimi nitaliona kwa niaba yako. Niandikie jinsi ya kulifungua. Mkono wa gia unaishika vipi giaboksi? Kuna nini katikati? Sanduku lako la spana bado liko chini ya kitanda cha baba. Nimeshalivuta nje. Aligeukia ukutani.

Dobi


6 Mei

Mwanangu mbishi,

Marahaba. Umeniudhi, halafu umenichekesha, halafu umeniudhi tena, yote kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Afadhali mguu ni wa kushoto. Utotoni mwetu ule wa kulia ndio aliokuwa akipigia mpira.

Gari hilo ni la zamani, halina mambo ya umeme kwenye gia, kwa hiyo mtu mwenye akili na mikono anaweza. Sikiliza. Mkono wa gia unaoushika hauingii kwenye giaboksi. Chini yake umeungwa na fito la chuma, fito linapita chini ya sakafu mpaka kwenye mkono mdogo uliotoka ubavuni mwa giaboksi. Unapovuta juu, fito linavuta chini, na mkono mdogo unazunguka hatua kwa hatua. Kila hatua utaisikia, ta, ta, ta. P, R, N, D, na zile mbili za chini. Katika kila ungio pana bushi, kipete laini kinachokaa kati ya pini na tundu ili chuma kisicheze ndani ya chuma. Bushi ikiisha, unaweza kusema jambo juu na chini lisikike jingine. Umewahi kutuma ujumbe kwa mtu mwenye masikio kama yangu? Basi.

P ndiyo hatua ya mwisho mbele. Ndani ya giaboksi kuna kipande cha chuma kinachoingia kwenye meno na kulizuia gari. Kisipoingia, P ni herufi tu.

Anza juu. Ondoa skrubu nne za kile kifuniko kati ya viti, inua, utaona ungio la kwanza. Lisafishe, litazame, litikise. Kama bushi ya pale ni nzima, basi gari ni zima, funga, usihangaike na chini. Chini kuna matope na kutu na gari linaweza kukulalia. Sitaki uende chini, unanisikia?

Tafuta mawe mawili makubwa uyaweke nyuma ya magurudumu hata kama ni kwenye tambarare. Na vuta breki ya mkono. Ndiyo, najua nilichosema kuhusu breki ya mkono. Nilikuwa na miaka hamsini na kiburi.

Shangazi yako


19 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nilianza juu kama ulivyosema. Skrubu zilikuwa tatu, mahali pa ya nne mtu aliweka karatasi ya chingamu. Bushi ya juu ni nzima kabisa, imekaza, inang'aa. Nikafunga. Nikanawa mikono. Nikakaa kwenye kiti cha dereva nikawaza.

Umeniandikia ukurasa mzima juu ya maungio mawili, ukaniambia nitazame moja. Fundi aliyenifundisha mimi kugeuza shuka pande zote mbili kabla ya kusema ni safi. Nikasema hapa pana jambo.

Kwa hiyo nikaenda chini. Nisamehe au usinisamehe. Niliazima jeki mbili na vigogo kwa fundi wa pikipiki, nikaweka mawe, nikavuta breki ya mkono mpaka ikalia, nikatandika gunia nikaingia. Matope ulisema kweli. Nikalifuata fito kwa kidole mpaka mwisho wake, nikafika kwenye ule mkono mdogo wa giaboksi. Nilimwomba mtoto wa jirani, yule anayesomea ukunga, akae juu aweke P. Akaweka. Nikautazama mkono mdogo. Nikaushika nikausukuma mwenyewe kwa vidole viwili. Ta. Ulikuwa na hatua moja bado, shangazi. Juu kumeandikwa P, chini haijafika.

Nikaurudisha nilipoukuta, nikamwambia asukume mkono wa gia mbele mara mbili, kama tufanyavyo sote. Fito likaja, likaja kidogo, likakaribia, halikufika. Nikalala pale chini na matope machoni nikaelewa kitu. Miaka tisa nyumba nzima tunapiga hodi tukiweka P. Kaka anapiga. Watoto wake wanapiga hodi kwenye gari la kuchezea. Tulidhani ni mzaha wako. Kumbe ulikuwa unaisukuma giaboksi ifike mahali ambapo fito peke yake haliwezi kuifikisha. Na siku ile nilipiga hodi nyumba ikiwa haina mtu, maana kilichokuwa katikati kilikwisha kabisa.

Nilitoa klipu iliyoishika pini ya ungio. Pini ikaanguka mkononi mwangu kama jino la mtoto. Ndani ya tundu palikuwa na mabaki ya bushi. Haikuwa ya dukani, shangazi. Ilikuwa kipande cha raba, kimekatwa kwa kisu, kimeliwa upande mmoja mpaka kimekuwa uzi. Nilikiosha kwa sabuni ya kazini. Ni cha buluu na mistari myeupe. Ni soli ya ndala.

Kaka nilimwita aje chini aone kwa macho yake. Alisema hawezi kuchafua shati. Shati nililomfulia mimi.

Bushi mpya hakuna dukani. Muuza vipuri aliniuliza kama gari hili bado linahesabiwa kuwa gari. Nilikwenda kwa fundi wa kukereza vyuma, akanichongea ya plastiki ngumu. Ya kwanza nilikosea kipimo kwa milimita moja, ikakataa kuingia. Ya pili iliingia kwa kusukumwa na kidole gumba, hainyong'onyei, haichezi. Nikapaka grisi. Nikausukuma mkono mdogo mpaka mwisho, juu nikaweka P, nikafunga fito, nikarekebisha nati mpaka vikasema kitu kimoja. Hatua sita juu, hatua sita chini. Nikaondoa mawe, nikaachia breki ya mkono, mimi na mkunga tukalisukuma kwa mabega. Halikusogea.

Sasa nakuuliza mara moja tu. Ndala hii ni ya nani?

Dobi


21 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Hujajibu. Posta nimeuliza, barua yangu ilifika. Binti yako nimempigia, anasema u mzima, unakula, na umeacha kwenda kumtazama mbwa.

Kikao ni tarehe 12 Julai. Zimebaki wiki tatu. Nina kipande cha ndala kwenye kikopo cha dawa na nitakiweka mezani hata kama nitakuwa peke yangu. Kaka atasema nimekiokota njiani, na atakuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu hana aliyemwambia vingine.

Sikulaumu kwa kukata ndala. Nakulaumu kwa barua ya Aprili.

Dobi


30 Juni

Mwanangu,

Marahaba, ingawa siku hizi shikamoo yako inakata kuliko tusi.

Barua hii ina sehemu mbili. Hii ya kwanza ni yako. Ile karatasi ya pili nimeiandika kwa herufi kubwa kwa ajili ya kikao. Isome mbele ya wote, kwa sauti, usiruke hata mstari mmoja kwa huruma. Nakujua, ukali wako unaishia kwenye maneno.

Nilikata mimi. Ilikuwa siku moja kabla ya safari yangu ya kuja huku kwa binti yangu. Mizigo ilikuwa imefungwa. Baba yako akasema gari linasoma P lakini linateleza. Nikaingia chini, nikaona bushi imesagika. Duka lilikuwa limefungwa. Nikasema nitaweka kitu cha wiki moja, halafu nitamwambia anunue ya kweli. Nikakata, nikaweka, ikakaa karibu vizuri. Karibu. Ikawa inahitaji kusukumwa mara mbili ndipo ifike. Basi asubuhi yake mlipokuja wote kuniaga, nikawafundisha hodi. Mlicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kwa nini sikusema ni ya wiki moja? Kwa sababu mlikuwa mmesimama pale, na kaka yako alikuwa akimwambia dereva wa teksi, "Huyu ni shangazi yetu, gari alilolishika halirudi." Nilitaka kuondoka nikiwa huyo. Nikasema nitaandika nikifika. Nilipofika nikasema nitaandika mwezi ujao. Miaka tisa, mwanangu. Kila ulipoandika gari linakwenda vizuri, nilijisifu. Nilikaa hapa kwenye veranda nikisifu soli ya ndala.

Barua yako ya kwanza ilipokuja niliijua hukumu kabla sijafika kwenye saini. Nilikaa siku tatu. Kisha nikaandika upige magoti, ili nisipige mimi. Nikakutuma juu ili usiende chini. Sina la kusema juu ya hilo isipokuwa nimeliandika na umelisoma. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe dobi umekiona.

Ulichofanya chini ya gari lile ndicho nilichopaswa kukifanya mimi. Kipimo, klipu, grisi, kurekebisha, kusukuma kwa bega. Nisingepata hata kosa moja la kukukosoa. Sifa hiyo sikupi kwa ajili ya kukulainisha.

Kaka yako mwambie anyamaze kama alivyoahidi. Kaka yangu mwambie

Hapa nimeshindwa. Nitamwandikia mwenyewe.

Shangazi yako


[Karatasi ya pili]

KWA KIKAO. MIMI MKUBWA WENU NASEMA HIVI. GARI LILIKUWA BOVU. UBOVU NI KAZI YA MIKONO YANGU. NILIWEKA SOLI YA NDALA MAHALI PA BUSHI NA SIKUMWAMBIA MTU, NIKAWAFUNDISHA HODI ILI MSIJUE. PIA NILIWAAMBIA BREKI YA MKONO HAINA KAZI, NA HILO LILIKUWA KOSA. BINTI HUYU ALIWEKA P. MWENYE KUTAKA MTU APIGE MAGOTI ANINUNULIE TIKETI, NITAKUJA KUPIGA MIMI. UFUNGUO MWACHIENI.


15 Julai

Shangazi,

Plasta imetoka. Mguu umekonda na umekuwa mweupe-mweupe, baba anasema umerudi kutoka shule ya bweni. Anatembea kwa gongo kutoka kitandani hadi mlangoni.

Kikao kilifanyika sebuleni, baada ya chai. Kaka alifungua kwa hotuba. Nilimwacha aimalize. Kisha nikaweka kikopo mezani, nikafungua karatasi yako, nikasoma. Sikuruka mstari. Hata ule wa tiketi.

Kaka alinyamaza. Nitampa haki yake, aliahidi na akatimiza. Alikishika kile kipande akakigeuza, halafu akaniambia, "Nilikukosea, mdogo wangu," mbele ya mke wake na watoto wake. Alimpigia mnunuzi simu pale pale, akamwambia gari haliuzwi. Jana ameniomba nimfundishe kuingia chini ya gari. Amekuja na shati kuukuu.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Nilikuwa nimeshainuka nikusanye vikombe. Baba akasema, bila kumtazama mtu, "Ndala ilikuwa yangu."

Kaka akauliza ipi. Baba akasema hiyo. Alisema yeye ndiye aliyekushikia taa siku ile. Wewe ulikosa raba ya kukata, yeye akavua ya mguu wa kulia akakupa, mkacheka, na kesho yake alikusindikiza stendi amevaa viatu vya kanisani kwa sababu hakuwa na kingine. Alijua tangu siku ya kwanza, nawe ukamficha hata kwenye karatasi ya kikao. Alijua akiwa amebanwa kwenye ile nguzo, shangazi. Alijua kwenye machela. Alijua kila siku nilipokaa pembeni ya kitanda chake nikimwambia, baba, niliweka P, akaniambia niangalie chai.

Nikamwuliza kwa nini.

Akasema, "Dada yangu hana kingine. Angeambiwa kazi yake imenivunja mguu, angekufa kule peke yake. Wewe sikukuhofia. Nilijua utajitetea."

Alilisema kama sifa. Naamini alikusudia sifa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwepesi kwa asiyeubeba. Nikasimama pale na vikombe, na hasira yote niliyokuwa nimemwekea kaka kwa miezi minne ikakosa mahali pa kwenda. Nikamwambia, "Baba, kujitetea nako kunachosha."

Aliangusha gongo. Niliokota nikampa, nikaenda jikoni, nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Nakueleza haya kwa sababu barua uliyomwandikia imefika juzi, anaificha chini ya mto na kuisoma akidhani sioni. Sijui umemwambia nini na sitaki kujua. Ninyi wawili mmependana vizuri maisha yenu yote, na safari hii mmependana juu ya mgongo wangu. Mngenipa nafasi ya kukubali kuubeba, huenda ningekubali. Hamkuniuliza. Mliona nina nguvu mkatosheka.

Gari naliendesha. Hospitali wameniongezea siku ya nne. Naegesha pale pale kwenye mwinuko, navuta breki ya mkono, na hakuna tena anayepiga hodi isipokuwa watoto wa kaka, ambao nimewakataza nikashindwa.

Baba ameniuliza jana kama nimemsamehe. Nimemwambia bado. Siku nikimsamehe nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, na mpaka siku hiyo nitamkanda mguu asubuhi na jioni kama daktari alivyosema. Amekubali. Hana pa kwenda.

Wewe uko mbali, siwezi kukukanda goti. Niandikie. Nataka habari za goti hilo, za binti yako, za mbwa kama wamefaulu kumfunga mdomo. Nijibu yote, moja moja. Hilo la kusamehe tu usiniulize.

Mtoto wa kaka yako